Kutalii Kiwanda cha Bia na Chupa Kumi na Moja

Jana usiku niliota nimekuwa mtalii. Nimevaa kaptula, mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye wajukuu wawili, na shingoni nimening'iniza kamera ambayo ukiichungulia unaona tumbo lako mwenyewe.

Ndoto ilipotoka napajua. Jioni mke wangu, Mama Aikande, aliniletea ujumbe wa kaka yangu Kundaeli. Mimi na Kundaeli tunatenganishwa na migomba na mstari wa masale, ile mimea ambayo sisi Wachaga tunaipanda kuonyesha mpaka. Jumamosi anamwoza mwanawe. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ameshapika, na anataka mdogo wake awepo. Hatujasemezana miaka minne.

Nikamwambia mke wangu, "Bora niende kutalii kiwanda cha bia na Wazungu kuliko kunywa mbege ya Kundaeli."

Basi nikapelekwa.

Kiwanda kinaitwa Theluji, na watu wanatoka nchi za mbali kuja kupiga picha mbele yake. Geti lake ni kizibo cha bia, kikubwa kama nyumba, kimesimama wima. Kina meno pembeni kama vizibo vyote. Nikayahesabu, yako ishirini na moja.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?" geti likaniuliza.

"La tano."

"Inatosha. Wengine wenye digrii huwa wanakosea."

Likafunguka. Psss.

Mapokezi hapakuwa na mtu, palikuwa na msumari ukutani na tangazo: MGENI AVUE KOFIA. Nikavua pama langu la kijivu, lile nililovaa kwenye mazishi ya baba, nikalitundika.

"Nitarudishiwa?" nikauliza.

"Kofia haina miguu," msumari ukasema. "Utaifuata mwenyewe."

Nikaambiwa nijiunge na kundi. Kundi lenyewe lilikuwa chupa tupu kumi na moja, zimesimama mbili mbili kama watoto wa shule, na moja ya mwisho haina mwenzake. Nikasimama nayo.

"Mmetoka wapi?" nikaisalimia kwa swali, maana sikujua chupa inaamkiwaje.

"Baa mbalimbali," ikasema. "Tumekuja kuona tulipozaliwa." Ikanitazama kutoka chini hadi juu. "Wewe nakujua. Ulinifungua kwa meno siku ya harusi yako."

"Jino lilivunjika siku ile."

"Najua. Lilibaki kwangu."

Ikajitikisa, nikalisikia jino langu likilia ndani. Nikashukuru.

Akaja mwongozaji, mwanamke mwenye koti jeupe, na juu ya kola hana kichwa, ana povu. Povu zuri, zito, lina macho mawili na mdomo.

"Naitwa Bi Povu," akasema. "Ziara inaisha kichwa changu kikiisha, kwa hiyo sitarudia neno. Sheria ni tatu. Usivuke mstari wa njano. Mgeni hatoki bila kuonja. Na mgeni haonji kabla ya mwenye nyumba."

Ile ya tatu ilinishtua kidogo, kwa sababu ni ya kwetu. Mwenye pombe ndiye anayeonja kwanza, mgeni aone kuwa haina sumu, ndipo apewe kata ya kibuyu ya kunywea. Sikutegemea kuikuta kiwandani. Lakini kila mtu alikuwa anatembea, na mimi nikatembea.

Tunaingia chumba cha kuchemshia. Joto kali. Chupa zinapiga picha, sijui kwa mikono gani. Bi Povu anafungua mlango wa pili, anasema, "Na huku ni chumba cha matangi," na huku si chumba. Ni migomba yangu. Ni shambani kwangu kabisa, na jiwe la kupimia shamba aliloliweka baba liko pale pale kwenye kona, na banda la ng'ombe, na mstari wa masale. Isipokuwa masale yamepakwa rangi ya njano.

Katikati ya migomba limekaa tangi la shaba, refu kama mnara wa kanisa.

Nikarudi nyuma hatua moja nisiuvuke mstari. Nikatazama chini, mstari uko nyuma yangu. Nikaruka upande wa pili. Nikatazama tena, uko nyuma yangu tena.

"Unahamahama," nikauambia.

"Mimi huwa nawekwa," mstari ukasema. "Ukitaka maneno, muulize aliyeniweka."

"Kuna tatizo gani huko nyuma?" Bi Povu akauliza. Paji la uso lilikuwa limeshakwenda, na macho yake yalikuwa yanateremka.

"Hakuna," nikasema. "Naomba nionje, nitoke. Nimeacha kofia."

Tangi likakohoa. Sauti yake ilitoka chini, kwenye bomba.

"Mwenye nyumba ni nani hapa?"

"Mimi," nikasema. "Hii ni migomba yangu. Nitaonja mimi kwanza, halafu nitajikaribisha mwenyewe."

"Pimeni," tangi likaziambia chupa.

Chupa zikalala chini, kichwa kwa kitako, kuanzia kwenye jiwe la baba kuja niliposimama. Ile yenye jino langu ilikuwa ya mwisho. Ilipolala iligusa kidole changu cha mguu, ikasema kwa sauti ya kila siku, kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Amezidi chupa sita. Hatua mbili. Hapa ni kwa Kundaeli."

"Mwenye nyumba aje," tangi likasema.

Kundaeli akatokea nyuma ya mgomba. Amevaa shuka la hospitali, lile la mwaka ule alipopasuliwa tumbo, na mkononi ana kata ya mbege iliyojaa. Hakunisalimia. Alisimama tu, miguu mitupu, akinitazama kama anavyonitazama miaka yote hii tukikutana kanisani.

"Nani alihamisha mstari?" tangi likauliza.

"Mvua," nikasema.

"Mvua ina jembe?"

"Basi ng'ombe."

Chupa zikacheka zote kwa pamoja. Chupa tupu ikicheka ni kama upepo umepita mdomoni mwake, huuu, na unajisikia vibaya kuliko ukichekwa na watu. Bi Povu alikuwa amebaki na mdomo na kidevu.

"Mgeni," mdomo ukasema, "nikiisha ukiwa ndani, tunakufunga na kizibo. Hizo ndizo taratibu, si chuki."

Nikamtazama Kundaeli. Kata ilikuwa inamtetemeka, kwa sababu siku zile baada ya kupasuliwa alikuwa hawezi kushika kitu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesahau hilo. Hapana, sikusahau. Sikwenda kumwona, nilisikia tu kwa watu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilihamisha wewe ukiwa umelazwa. Nilisema moyoni, akifa hataulizia, akipona hatagundua. Ukapona, ukagundua. Halafu mimi ndiye niliyenuna."

Hakuna aliyeshangaa. Mstari ulisema, "Haya," basi.

Kundaeli akainua kata ili aonje. Inafika kidevuni. Inafika kwenye masharubu. Nami nimeshanyoosha mikono miwili kupokea, na hapo hapo kidevu cha Bi Povu kikapasuka, pap, likabaki koti limesimama peke yake.

"Ziara imekwisha," koti likasema.

"Hajaonja!" nikapiga kelele. "Subirini, hajaonja! Na kofia yangu!"

"Kofia gani, Baba Aikande? Unanipasua masikio."

Ni mke wangu. Jua lilikuwa limeshapanda na chai iko mezani. Nikatazama msumari wa ukutani ninapotundika pama langu. Mtupu.

"Jana si nilirudi nayo?"

"Ulirudi nayo. Nilikuona ukiitundika, kisha ukalala ukiwa bado unasema maneno yako ya Wazungu."

Tukatafuta chini ya kitanda. Tukatafuta bandani, maana mbuzi wetu anakula chochote. Haikuwepo.

Sikunywa chai. Nilichukua jembe nikaenda moja kwa moja kwenye jiwe la baba, nikaanza kung'oa masale. Sikuwa nimepanga neno lolote la kusema. Nilikuwa nataka tu kuyarudisha hatua mbili kabla mtu hajaniona, Jumamosi ikifika yawe mahali pake, halafu nione.

Nikang'oa saba, nane, kumi. Nikayakumbatia yote ili niyavushe kwa mara moja, majani yakanifunika uso. Nilipoyasogeza nione njia, Kundaeli alikuwa amesimama mbele yangu, upande wake, na kata mkononi.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu isale ni mpaka, lakini pia ndilo la kuombea msamaha. Unachuma jani moja, unampelekea uliyemkosea, na yeye hawezi kukukatalia hata kama umemuua ng'ombe wake. Nami nilikuwa nimesimama mbele ya kaka yangu na masale kumi, na mizizi yake, na udongo.

Akayatazama.

"Eliapenda," akasema. Miaka minne sijalisikia jina langu kinywani mwake. "Jani moja lingetosha. Umeniletea msitu."

"Nayarudisha tu," nikasema.

"Naona."

Akainua kata, akaonja kwanza, taratibu, akafuta masharubu kwa mkono. Kisha akanyoosha kata juu ya mashimo niliyoyachimba. Nikayaweka masale chini, nikapokea kwa mikono miwili.

"Kunywa," akasema. "Halafu upite nyumbani kwangu uchukue kofia yako. Uliiacha mapokezi."