Inchi Mbili za Crisanto

Wanaume warefu kuliko wote hapa Manila wanavaa picha ya bibi kizee kifuani. Timu zetu za mpira wa kikapu ni mali ya makampuni, na kampuni ya wanaume hawa inauza sardini, na sardini zenyewe zinaitwa Donya Pacita. Basi utamwona jamaa ana futi sita na nusu, mabega yanaziba mlango, na juu ya tumbo lake Donya Pacita anatabasamu na shali yake. Ukumbi mzima unapiga kelele, Pacita, Pacita, na hakuna anayeona haya.

Mgahawa wangu unatazamana na ukumbi wao wa mazoezi, pale Pasig. Miaka kumi na minne wakubwa wa timu wamekula kwangu, na miaka kumi na minne nimewasikia wakipima watu. Kila mwaka, timu zikishachagua wachezaji wapya kwa zamu, wakubwa watatu huja kukaa meza ya karibu na feni. Kuna Bosi Lizardo wa kampuni. Kuna Wakili Buenaflor, mshauri wake, ambaye mpira hajawahi kuushika ila kwa kupigwa picha. Na kuna Kocha Pepot, ambaye kazi yake mezani ni kuitikia kwa kichwa. Wanamjadili mchezaji mpya mpaka wali unapoa, kisha Wakili anafuta mdomo na kutoa hukumu: "Huyu atakuja kuwa."

Atakuja kuwa nini, hasemi. Mmoja alikuja kuwa wakala wa bima. Mwingine walimchukua kwa sababu mikono yake ni mikubwa, na kweli ilikuwa mikubwa, ila mpira ulikuwa unaipita katikati. Mwaka mmoja walimpenda kijana kwa kuwa siku ya kutajwa jina hakutabasamu hata mara moja mbele ya kamera. Wakasema ana njaa ya ushindi. Kijana alikuwa anaumwa jino, nilimpikia uji wiki nzima.

Nilikuwa nawacheka, jamani, nawacheka mpaka naegemea sufuria. Mpaka mwaka huu, mchezaji mpya alipokuwa mtoto wangu mwenyewe.

Crisanto ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu ana miaka sita. Pale mtaani kwetu alikuwa mchezesha timu, yule anayeutoa mpira nyuma, anaudunda hadi mbele, anaona nani yuko wapi. Raha yake haikuwa kufunga. Raha yake ilikuwa kumpa mpira mtu ambaye mwenyewe hajajua kwamba yuko peke yake. Watu walikuwa wanatua ndoo za maji kumtazama. Mimi nilikuwa natazama utosi wake tu. Kwetu mtoto akiruka mwaka mpya unapoingia, anarefuka, basi kila mwaka nilimrusha, mpaka ubao mmoja wa sakafu ukakatika. Alipofika futi sita na inchi tatu aligoma kwenda zaidi, na mimi nikaona kama kanidhulumu.

Kwa hiyo ilipokuja fomu ya wachezaji wapya, niliijaza mimi. Mambo ya kalamu nyumbani kwetu ni yangu. Nikafika kwenye urefu.

"Andika tatu, Shangazi," alisema.

Nikaandika tano. Nikamwambia fomu ni kama picha ya harusi, kila mtu hujipamba kidogo. Na kwa kuwa mtu wa sita na tano hawezi kuwa anahangaika na kudunda mpira, mahali pa nafasi nikaandika: chini ya kikapu. Crisanto alisoma, akanirudishia. Amelelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza.

Siku ya kuchagua, jina lake liliitwa karibu la mwisho, watu wameshaanza kukunja viti. Walioliita ni Donya Pacita. Kesho yake watatu wangu wakakaa kwenye feni, na Wakili akasoma karatasi kwa sauti ya mahakamani: futi sita na inchi tano, miaka ishirini na miwili, bado anakua. Miaka ishirini na miwili, bado anakua. Nikashika mdomo. Lakini safari hii nilishika kwa furaha, maana ujinga ukikuangukia upande wako unaitwa bahati.

Aliyechaguliwa mwishoni hana mkataba wa uhakika. Anaitwa ajaribiwe, kisha ama asaini ama arudi kwao. Bosi akatoa sharti mbele yangu, akiniomba na mchuzi: mtu wao mkubwa wa chini ya kikapu ameumia goti, wanataka mrefu. Jumatatu saa mbili asubuhi Crisanto atapimwa. Tano ikiwa tano, anasaini. Isipokuwa tano, asante sana na katoni ya sardini.

Usiku huo sikulala, na Crisanto naye hakulala, ila kila mmoja kwa sababu yake. Alfajiri alikuja jikoni.

"Niwaambie ukweli. Nicheze nilivyo."

"Ulivyo hawajakuita," nikamjibu. "Wameita sita na tano."

Jirani yetu Kaka Ambo ndiye aliyeleta elimu. Kwamba binadamu akilala anarefuka, akisimama mchana kutwa anashindiliwa na uzito wake. Yeye anaendesha gari la nyumba ya mazishi, kwa hiyo habari za watu waliolala anazijua. Basi Crisanto tukamlaza tangu Jumamosi mchana. Alikula amelala, nikimlisha kwa kijiko, sardini za Donya Pacita ili dua ishike. Akitaka kukaa namrudisha kwa mkono. Jumatatu likabaki swali la kumtoa nyumbani hadi ukumbini bila kumsimamisha, na mjini hapa gari linalombeba mtu mrefu amelala chali ni moja tu.

Ndiyo. Tulimpeleka kwa gari la maiti.

Njia nzima watu walivua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Mama mmoja kwenye taa za barabarani aliweka shada la asumini juu ya boneti, na Kaka Ambo, kwa mazoea ya kazi, akampa mkono wa asante. Mlinzi wa ukumbi alikuja na uso wa msiba, akauliza marehemu ni nani. Kioo cha nyuma kikashuka.

"Samahani, kaka," Crisanto alisema akiwa amelala, "ukumbi umefunguliwa?"

Mlinzi yule mpaka leo hanisalimii.

Kulala kulimpa karibu inchi moja. Iliyobaki niliimalizia mimi: nilikata soli za kandambili nikazishona ndani ya soksi. Wakili alipanda kiti na utepe wake, akasukuma nywele chini, akatazama. Sita na tano. Bosi alipiga makofi, Kocha Pepot akaitikia kwa kichwa. Wakampiga Crisanto picha kando ya mnara wa makopo ya sardini, amesaini, hatabasamu. Wakasema ana njaa. Mimi nililia pale pale, kwa fahari, na mchana ule nikalisha timu nzima bure kuku wa siki. Sijawahi kufurahi vile, na nasema hivyo ili mjue nilikuwa mpumbavu wa kiasi gani.

Basi wakamweka chini ya kikapu. Huko chini kuna watu wa futi sita na inchi tisa, kuna Wamarekani wa kukodi ambao viwiko vyao viko usawa wa macho ya mwanangu. Kila akiupata mpira, mikono yake inataka kuudunda, aondoke nao, atafute mtu, na Kocha Pepot anafoka kutoka benchi: "Wewe mrefu, rudi chini! Kipe kikapu mgongo!" Maana mtu wa chini kazi yake ni hiyo, kukimbia hadi mwisho, kugeuza mgongo kwa kikapu, kuinua mikono na kungoja. Akajifunza. Anaingia dakika nne, anatoka jicho limefumba. Nyumbani nilimkanda na maji ya chumvi, naye hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mezani kwangu nako maneno yalianza kugeuka. Ile njaa ikawa imeisha. Akawa laini, akawa mzito, Wakili akasema alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Mwezi wa tano wa msimu akashauri apimwe upya.

Walimpima saa kumi na moja jioni, baada ya mazoezi ya saa tatu mfululizo, miguu mitupu. Nilikuwepo, nimepeleka chakula cha timu, sufuria ingali mikononi. Wakili akapanda kiti chake.

"Sita na tatu," alisema.

Nikajua leo ndiyo leo, njia ya mwongo ni fupi, nimefika mwisho wake na sufuria yangu. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Anapungua," alisema Bosi.

"Nilihisi," Wakili akajibu. "Nilimwona anashuka."

Daktari wa timu akaulizwa kama ni upungufu wa maziwa. Kocha Pepot akaitikia kwa kichwa. Watu watatu wazima, mmoja ana shahada mbili, walikuwa radhi kuamini kwamba kijana amesinyaa inchi mbili kwa miezi mitano kuliko kuamini kwamba wamedanganywa na mpishi. Wakamtoa kwenye timu siku ile ile. Katoni ya sardini walimpa. Nilitaka kucheka kama zamani, kicheko hakikuja.

Wiki iliyofuata, akaja kula kwangu Kocha Ruperto wa timu ya kampuni ya rangi za nyumba. Mtu mzima, mpole, anakula polepole. Ukutani nina picha ya Crisanto akiwa na miaka kumi na saba, anadunda mpira mtaani, kichwa juu. Aliitazama mpaka akasahau kijiko.

"Huyu nilimwona zamani, ligi ya mtaa," alisema. "Miaka miwili natafuta mchezesha timu wa sita na tatu. Wangu wote wafupi, hawaoni juu ya watu. Nikasema huyu akiingia namchukua wa kwanza. Fomu ikaja, sita na tano, chini ya kikapu. Wa chini ninao watatu. Nikafunua ukurasa mwingine." Akatikisa kichwa. "Sijui ni mpumbavu gani aliyeijaza."

Nilichukua sahani yake nikamwongeza mchuzi, ingawa ilikuwa imejaa. Mchuzi ukamwagika mezani. Nikafuta. Nikafuta mpaka hapakuwa na cha kufuta.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunitukana. Alisema nimwambie kijana aje Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Jumamosi Kaka Ambo alileta gari, ametoa na mito. Crisanto akampita. Aliingia stoo yangu, akajitwika gunia la mchele la kilo hamsini, akaenda nalo kwa miguu hadi kwenye ukumbi wa timu ya kampuni ya rangi, nusu saa ya jua, mimi nyuma yake nikimsihi alitue. "Nafika na tatu zangu," alisema bila kugeuka. "Sitaki hata unywele wa ziada."

Kocha Ruperto hata utepe hakuwa nao. Alilitazama gunia mlangoni, hakuuliza. Akawagawa vijana watano kwa watano, akasema, "Crisanto, utatuletea mpira."

Na Crisanto akakimbia. Alikimbia hadi mwisho wa uwanja, chini ya kikapu, akageuza mgongo, akainua mikono miwili juu, akangoja.

Mpira ulikuwa umebaki nyuma, hauna mtu. Wale wengine walisimama. Nilimtazama mwanangu amesimama na mikono juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi, na jambazi nilimjua. Nilikuwa nimeahidi kukaa kimya. Nikasimama juu ya benchi.

"Toka huko chini, mwanangu! Mpira ni wako!"

Akaitazama mikono yake, akaishusha, mmoja kisha mwingine. Akarudi kuufuata mpira. Mara ya kwanza aliudunda juu ya mguu wake mwenyewe, ukatoka nje. Mara ya pili akaupoteza. Mara ya tatu alifika katikati, kichwa juu, akatazama kushoto, akautupa kulia kwa kijana mmoja mfupi ambaye hakujua kabisa kwamba yuko peke yake, na kwa kuwa hakujua, mpira ukampiga usoni.

Kocha Ruperto alicheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Wakaendelea karibu saa nzima, na wale wafupi wakaanza kujua. Mwishoni alimwita Crisanto pembeni, nami nikasogea nikijifanya naangalia gunia langu.

"Yule mama anayepiga kelele ni nani?"

"Shangazi yangu," Crisanto alisema. "Ndiye aliyenirefusha."

Kocha akanitazama kutoka juu hadi chini, na mimi ni futi nne na inchi kumi.

"Kesho saa mbili uje tena," alimwambia. "Shangazi abaki nyumbani."

Kesho yake nilibaki nyumbani. Hata mlangoni sikumsindikiza, nisije nikamnyoosha kola.