Kola ya Dada Shahidi

Jumanne saa nne asubuhi padri alimleta Dada Shahidi kwa fundi cherehani, kama kawaida, wiki mbili kabla ya sikukuu, amefungwa shuka na kulazwa kiti cha nyuma cha gari. Fundi alimsimamisha juu ya meza ya kukatia, akamfuta vumbi, akamvua gauni la mwaka jana. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili bila kupima upya. Shingo ya sanamu ile ilikuwa inchi kumi na mbili na nusu, na mti haunenepi.

Dada Shahidi aliuawa zamani sana, enzi za watawala waliotaka kuabudiwa. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mkuu wa jimbo alitaka kumwoa, yeye akasema hapana, na alipoulizwa tena akasema hapana ileile. Wakamtia motoni, moto ukagoma kuwaka. Wakamfunga nyuma ya ng'ombe ili aburutwe, ng'ombe wakalala chini. Mwisho wakatumia upanga, maana upanga hauna maoni. Ndiyo sababu sanamu yake ina mstari mwembamba mwekundu shingoni, na ndiyo sababu watu huja kwa mamia kumfunga utepe mkononi, hasa wenye mabinti.

Mwaka huu, chini ya mstari ule, palikuwa na alama nyingine: vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili, rangi ya zambarau inayoelekea kijani. Kwenye kidole cha pete palikuwa na kialama cha mraba.

"Ilianza Kwaresima," padri alisema. "Tumepaka rangi mara mbili, inarudi. Kamati imekaa, ikaonelea kola ipande kidogo."

"Ipande mpaka wapi?"

"Chini ya sikio. Ni suala la stara tu."

Padri alipoondoka, fundi alichukua tepu akaipima alama, kwa sababu fundi hupima kila kitu. Mkono huo aliujua. Aliwahi kuupima kwa ajili ya mfuko wa koti la harusi, maana mwenyewe alilalamika kuwa pete yake ya mraba inakwama. Ulikuwa mkono wa mkwewe, mume wa binti yake, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu. Fundi aliandika kipimo kwenye daftari, akafunga daftari. Mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu kama unakanyaga pedali, wala cherehani haikuwa karibu.

Mguu huo haukutulia tena. Ulikanyaga mezani, kitandani, na wakati wa mahubiri. Jirani zake kanisani walisogea kidogo tu.

Alhamisi alikuja binti yake. Ana miaka mitatu kwenye ndoa, na miaka yote mitatu baba yake amemshonea blauzi za kola ndefu. Jua likiwaka anasema anasikia baridi. Shingo yake nayo ni inchi kumi na mbili na nusu, kwa hiyo fundi hutumia kiolezo kimoja kwa wote wawili na kujisifu kwamba habadhiri karatasi.

"Baba," binti alisema, "chumba changu bado kipo?"

"Kimejaa majora ya vitambaa."

"Majora yanahamishika."

Fundi alitafuta chaki iliyokuwa mkononi mwake. "Mwanangu, ndoa ni kuvumiliana. Na mwenzio ni mtu wa watu."

"Ni mtu wa watu, ndiyo. Mimi nabaki naye watu wakishaondoka."

Hapo Dada Shahidi alishuka mezani. Alitanguliza mguu wa kushoto, akaketi kwenye benchi la wateja, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi kwenye kioo, akaenda tena mlangoni. Gauni lilikuwa bado na pini.

"Hicho chumba kina dirisha?" aliuliza.

"Kina," binti alisema.

"Basi kinatosha."

"Simama kidogo niweke pindo," fundi alimwambia.

Hakusimama. Fundi ikabidi amfuate kwa magoti, pini mdomoni, kutoka mlangoni hadi kwenye kioo.

"Baba yangu naye alisema mkuu wa jimbo ni mtu wa watu," Dada Shahidi alisema.

"Hilo halimo kwenye kitabu cha sala."

"Waandishi walimhoji yeye."

Fundi aliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni, akainamia pindo. Binti alingoja kidogo, kisha akaenda zake, maana mumewe alitaka chakula saa saba kamili.

Jumamosi fundi alifungua chumba. Alitoa jora moja, la pili, la tatu, akayapanga ukumbini. Alikuwa amelikumbatia la nne mwenyekiti alipoingia kujaribu koti lake jipya la sikukuu. Alikuwa mtu mchangamfu kweli. Alimpokea mkwewe mzigo, akaketi juu ya majora, akaulizia mgongo wake.

"Tunahama, baba?"

"Napanga vitu tu."

"Na huku kwingine kote, mambo yapo sawa?"

"Yapo sawa," fundi alisema.

Mwenyekiti mwenyewe alimsaidia kuyarudisha majora yote ndani, moja moja, kwa mkono mmoja, na pete haikukwama popote.

Siku ya sikukuu maandamano yalitoka kanisani saa tatu. Mwenyekiti alibeba machela ya sanamu upande wa mbele kulia, mahali pa heshima. Binti alikuwa nyuma na wanawake, kola mpaka chini ya sikio. Njia nzima Dada Shahidi alikuwa akihamisha uzito mguu huu, mguu ule. Walipofika kwenye kona ya duka la vyuma aliteremka, akarudi nyuma, akamshika binti mkono, wakaendelea pamoja, wamevaa kola zinazofanana. Wanawake waliwapisha. Wabebaji waliendelea na machela tupu, na baadaye walisema ilikuwa nzito kuliko miaka yote, kamati iangalie suala la mbao.

Walipopita mbele ya duka la fundi, binti aligeuza uso. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake mlango wa chumba ulionekana. Ilitosha aseme "ingia" tu. Yeye akaona pini chini, akainama kuiokota, na alipoinuka kwaya ilikuwa imeshapita.

Misa ilipokwisha, Dada Shahidi hakurudi kwenye nguzo yake. Aliingia na binti kwenye geti la mwenyekiti, na geti likafungwa. Padri alitangaza kwamba ibada zitaendelea kama kawaida. Watu wanafunga tepe zao kwenye nguzo tupu, na inasemekana maombi yanasikilizwa vilevile. Mwenyekiti alichaguliwa tena bila kupingwa.

Jumatatu ya pili mwenyekiti alipita dukani.

"Baba, nahitaji blauzi mbili. Kola ipande."

"Za nani?"

"Za hao wa nyumbani. Huyu mgeni naye hataki kutulia, unamwambia kaa, anazunguka tu." Alicheka kidogo, akaweka mkono mfukoni. "Kipimo chao si kimoja?"

"Ni kimoja," fundi alisema.

Alikwenda chumbani kutafuta kitambaa. Ilibidi avute majora mawili ili afikie jeupe, na nyuma yake likatokea dirisha, lina mwanga mwingi kuliko alivyokumbuka. Alilitazama kwa muda. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga. Kisha akachukua jora jeupe, akarudishia yale mengine, akafunga mlango.

Mezani alikunja kitambaa mara mbili, akaweka kiolezo juu, akakata zote mbili kwa pamoja.