Bakuli la Karani

Mama Masufuria alijiona si mtu wa kumshuku mwenzake bila sababu. Ukimwuliza angekuapia. Lakini alimshuku muuza maziwa kwa maji, alimshuku fundi bomba kwa kila koki iliyovuja, na tangu mwanawe wa pekee alipooa, alimshuku mkamwana wake kwa kila kitu kilichokaa ndani ya chupa.

Na chupa zilikuwa nyingi. Zilijaa rafu za chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo ya masufuria yake ya shughuli: chupa za mafuta ya samaki, chupa za mafuta ya nazi, mitungi ya mbegu za maboga zilizosagwa, majani makavu yaliyofungwa kwa uzi. Masufuria yenyewe yalihamishiwa uani chini ya turubai, na jambo hilo lilimkaa mama rohoni. Yale masufuria ndiyo yaliyompa jina na ndiyo yaliyomsomesha mwanawe. Alipika harusi, alipika misiba, alipika mahafali, na hakuna sahani iliyowahi kurudi jikoni kwake na chakula.

Sasa kwenye stoo ile walihudumiwa mbwa na paka. Si kwa sindano. Mkamwana alisema sindano na dawa ni kazi ya daktari wa mifugo, yeye anamwangalia mnyama mzima. Anakula nini, analala wapi, anacheza na nani, choo chake kikoje, ana huzuni au hana. Watu walikuja na paka wao kwenye vikapu, wakajipanga kwenye benchi, wakatoka na vikopo vya chakula na maelezo marefu kuliko ya mganga yeyote.

"Eti paka ana huzuni," Mama Masufuria alimwambia jirani yake msusi, kila mmoja upande wake wa ukuta. "Mimi nilifiwa na mume, shoga yangu. Nani aliniuliza choo changu kikoje?"

Msusi alicheka mpaka akaangusha chanuo. Lakini alikuwa na lake pia. Paka wa mwalimu wa mtaa wa pili, alisema, alikuwa akiletwa humo humo kukandwakandwa, na wiki iliyopita amekufa. Kwamba paka huyo alikuwa mzee kuliko wanafunzi wa mwalimu, hilo msusi hakulitaja.

Mama Masufuria alirudi ndani akiwa na jiwe moyoni, kwa sababu kwenye mikono ile ile alikuwa amemkabidhi Karani.

Karani alikuwa mbwa wake. Alimwokota kwenye shughuli ya watu, kijibwa cha kahawia kimejificha nyuma ya magunia ya mchele, kikamfuata mpaka nyumbani bila kuitwa. Jina alilipata kwa tabia yake ya kulala kizingitini pa geti na kumkagua kila aingiaye, kichwa chini, macho juu, mpaka mgeni akajiona amesahau kitambulisho. Mume alipofariki, na mwanawe akawa dereva wa malori ya masafa marefu, ni Karani aliyebaki kumsindikiza kazini na kumsubiri kando ya moto. Wengine wana dada wa kuzungumza naye. Yeye alikuwa na Karani, na hakuona haya kulisema.

Uzee ulipomshika mbwa nyonga zikakakamaa, ngozi ikaanza kumwasha, na mwanawe akapiga simu kutoka huko barabarani. "Mama, mwachie mke wangu amwangalie. Hii ndiyo kazi yake." Mama akakubali shingo upande.

Mkamwana alikuja jikoni jioni ile ile, akapiga magoti mbele ya Karani, akampapasa mgongo. "Mama, naomba jambo moja tu," alisema. "Karani asipewe makombo tena."

Aliendelea kusema. Alieleza makombo yana nini, kipi kinamdhuru mbwa na kwa nini, tena kwa utaratibu na heshima. Ila Mama Masufuria aliacha kusikiliza pale pale kwenye neno makombo. Chakula chake, kilichopakuliwa kwenye meza za mabwana harusi, leo kiliitwa makombo jikoni mwake mwenyewe. Alitikisa kichwa, akasema "haya, mwanangu", na hakuna alichokishika.

Tangu hapo bakuli la Karani lilipikwa na mkamwana: nyama ya kuchemsha, boga, karoti, maini kidogo, tone la mafuta ya samaki. Lilipoa juu ya meza ya jikoni wakati yeye akihudumia wateja wake. Siku ya kwanza Mama Masufuria alilifunua na kuchovya kijiko. Haikuwa kudoea, mpishi wa shughuli haruhusu chakula kitoke jikoni bila kukionja. Alikionja, akasubiri ladha ije, ladha haikuja. Chumvi hakuna, kiungo hakuna. Hata mgonjwa wa homa angekikataa.

Kwenye rafu yake alikuwa na kopo ambalo halikukauka mwaka mzima, la vitunguu alivyovikaanga mpaka vikawa kahawia, tayari kwa wali wa watu. Alichota kijiko kimoja, akakichanganya vizuri kisionekane. Karani alilamba bakuli mpaka likang'aa, kisha akamlamba mama mikono, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mama, umeona anavyokula?" mkamwana aliuliza, uso umemchanua.

"Nimeona," alijibu mama, akatabasamu peke yake.

Kwa muda mambo yalikuwa mazuri. Nyonga zililegea, kujikuna kukapungua, na mama akalipa kopo lake sifa yote. Kisha msimu wa harusi ukaja, kopo likawa linajaa kila siku, na kijiko kikawa cha kujaa pia. Karani akaanza kubadilika. Alilala zaidi, alihema akipanda ngazi mbili za baraza, na muuza maziwa akapita getini bila kukaguliwa.

Mama Masufuria akaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi wake haukuhangaika kutafuta njia. Ulikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Kwa nini mkamwana alifunga mlango alipomkanda mbwa? Alikuwa akinong'ona nini mle ndani? Alitega sikio kwenye tundu la ufunguo akasikia, "Tulia, mzee wangu, tulia," na hata hilo likamtia shaka. Nani hunong'ona kama hana cha kuficha? Alikumbuka paka wa mwalimu. Alikumbuka pia kwamba mbwa akifa, hakuna tena sababu ya mtu kung'ang'ania nyumba hii kubwa, na vijana siku hizi wanapenda mama mkwe aliyepangiwa chumba kimoja mahali tulivu. Mawazo ya namna hiyo yakishaanza hayajui pa kukoma.

Kwa hiyo alifanya aliloliona la busara. Kama chupa zile zilikuwa zinamdhoofisha Karani, yeye angemtia nguvu. Akaongeza kijiko.

Asubuhi moja Karani hakunyanyuka kabisa. Alikojoa pale pale alipolala, na mkojo ulikuwa mweusi, rangi ya chai kavu. Mama Masufuria akamwita mkamwana kwa sauti. Mkamwana alikuja mbio, akamfunua mbwa mdomo, akaona fizi, akapiga simu ya teksi. Alipokwenda kuchukua shuka la kumbebea, mama aliingia chumba cha nyuma, akachomoa chupa mbili rafuni, akazitumbukiza kwenye mkoba wake. Leo, alijiambia, kila kitu kitajulikana mbele ya daktari.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono mikubwa, asiyependa maneno mengi. Alimlaza Karani juu ya meza ya bati, akambonyeza fizi. Zilikuwa nyeupe. Akachukua damu.

"Daktari, kabla hujaenda mbali," alisema Mama Masufuria, akazipanga chupa zake mezani. "Nipimie na hizi."

Mkamwana alizitazama chupa, kisha akamtazama mama mkwe wake. "Mama?" alisema.

Daktari alifungua moja, akanusa. Akafungua ya pili, akaimimina kidogo kiganjani, akailamba. "Mafuta ya samaki. Mafuta ya nazi. Hata mbwa wangu nampa." Akazisukuma pembeni, akaiinamia hadubini.

"Damu yake inavunjika," alisema alipoinua kichwa. "Huyu analishwa kitunguu. Na si jana tu."

"Haiwezekani," alisema mkamwana. "Daktari, chakula chake napika mwenyewe. Najua kitunguu ni sumu kwa mbwa. Ndicho kitu cha kwanza ninachomwambia kila mteja."

"Kiwe kibichi, kiwe cha kuchemsha, kiwe cha kukaanga, ni kile kile. Hata kidogo kidogo, kikirudiwa kila siku kinamwangusha. Kimeingiaje?"

Mkamwana alishika paji la uso. Akaanza kujitafutia kosa mwenyewe, na kumsikiliza kulichoma. "Ubao wa kukatia. Tunatumia mmoja na mama. Nauosha, lakini pengine... Au kisu. Au nyama yenyewe imekaa karibu na..."

"Ubao haufanyi hivi. Hii ni ya kupewa." Daktari alivua glavu. "Nisikilize, binti. Nimekuwa nikikuletea wateja kwa sababu nakuamini. Lakini kama hujui kilichoingia kwenye bakuli la mbwa wa nyumbani kwako, siwezi kuwaambia watu walishe wanyama wao kwa mkono wako. Itabidi ufunge, na mimi itabidi niwaambie."

"Sawa," alisema mkamwana. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nafunga leo. Una haki."

Mama Masufuria alikuwa amesimama upande wa kichwa cha mbwa. Kijiko kilikuwa kimekwisha kumjia akilini na kopo limemjia, na kile kitunguu cha kahawia alichokiona chakula cha nguvu. Hakuna aliyemwangalia. Angenyamaza, mambo yangekwisha hapo hapo. Chupa zingeondoka, benchi lingeondoka, masufuria yangerudi stoo kutoka kwenye turubai. Tuseme ukweli, wazo hilo alilikalia kidogo, muda wa kumeza mate.

Karani akafungua macho. Akautoa ulimi wake uliofifia rangi, akamlamba vidole, vile vidole vilivyokata vitunguu asubuhi ile ile kwa ajili ya harusi ya watu.

Mama aliuondoa mkono kwa haraka, kana kwamba umeshika moto.

"Ni mimi," alisema. "Namtilia mimi. Kila siku. Nilivyoona anadhoofu nikaongeza." Sauti yake ilikuwa ndogo, na mwenyewe hakuitambua. "Msifunge kitu cha mtu. Ni mimi."

Daktari akageuka kutayarisha dripu. Alisema mbwa atalala hapo, atatafutiwa damu ya mbwa mwenzake, na kwamba hatoi ahadi.

Kwenye teksi ya kurudi mkamwana aliegemeza kichwa dirishani. Mama alitamani afokewe. Walipofika getini, kizingiti kikiwa kitupu, ndipo binti yule alipofungua mdomo.

"Nilikwambia, mama. Siku ile ile ya kwanza nilikitaja kitunguu."

"Sikukusikia."

"Nilikuwa mbele yako."

"Ulikiita makombo," alisema Mama Masufuria. "Chakula changu. Baada ya hapo sikusikia tena." Hata masikioni mwake mwenyewe sababu ile ilikuwa ndogo mno kwa kilichotokea. Akaanza kuomba radhi. Mkamwana alimshika kiwiko akampandisha baraza kabla hajamaliza, na jioni ile kopo la vitunguu lilihamia uani chini ya turubai pamoja na masufuria.

Karani alirudi. Alirudi amekonda, alama ya kunyolewa imebaki kwenye mguu pale sindano ilipoingia, lakini alirudi. Daktari alimruhusu kwa agizo moja: ale nyama na maini, ale vizuri, la sivyo damu haitajijenga na kazi yote itakuwa bure.

Mkamwana alipika, akapoza, akaweka bakuli chini. Karani akanusa. Akanusa tena, akaliacha, akainua macho kumtazama Mama Masufuria na kungoja. Alikuwa amefundishwa kwamba chakula huwa hakijakamilika mpaka mama akiguse. Mchana bakuli lilikuwa vile vile. Kesho yake pia, na mbwa akaanza tena kuhema.

"Hatakula kwangu," alisema mkamwana hatimaye. Aliyasema kwa shida. "Jaribu wewe."

Mama Masufuria alinawa kwa sabuni, akanawa kwa limau, akanusa vidole, akanawa tena. Kisha akakaa chini sakafuni, jambo ambalo magoti yake hayakulifurahia, akalivuta bakuli baina yake na mbwa. Karani aliitazama mikono yake, anasubiri kijiko.

Mama alimega kipande cha nyama, akakitia kinywani mwake mwenyewe. Akakitafuna taratibu, mbwa akimwangalia. Katika maisha yake yote ya kazi hajapata kudanganya kuhusu ladha. Aliwahi kumwambia bibi harusi usoni kwamba pilau ya shangazi yake haina ladha.

"Kitamu," alimwambia Karani. "Kitamu sana, baba."

Karani alisogeza pua. Akachukua kipande kimoja kwa ncha ya meno, akakimeza. Akachukua cha pili.

Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni, na hakuwa akimtazama mbwa. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya mama mkwe wake, hayabanduki. Mama Masufuria aliyaona, na hakumlaumu. Aliifungua mikono yote miwili, akaiweka juu ya magoti, viganja juu, mahali panapoonekana, akaiacha hapo mpaka bakuli likaisha.