Wanaopaa Huitwa Kwanza

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa. Dada aliketi mwisho, mkoba mapajani, akipapasa kipele kilichomtoka kidevuni. Pembeni yake mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa akipinda sketi ya mteja. Huyu alikuwa na uvimbe kwenye titi, mgumu, wa ukubwa wa kifungo cha koti. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuficha. Aliutaja uvimbe wake kama anayetaja bei ya uzi. Dada ndiye aliyemburuta mpaka pale.

Kabla muuguzi hajafungua dirisha, dada alishapaa. Hilo halikuwa jipya. Pale zahanati mtu hunyanyuka hewani kwa kadiri ya wasiwasi wake, na muuguzi huwaita walio juu kwanza, maana ndio wanaoonekana. Babu mmoja mwenye kwikwi alikuwa keshafika kwenye taa. Dada, ambaye tangu utotoni akisikia mtu kachelewa kurudi humlilia kama aliyekwisha kufa, hakukawia kufika kwenye feni. Bahati nzuri feni ilikuwa mbovu.

"Mdogo wangu, hebu jitahidi uwe na wasiwasi!" aliita kutoka juu.

"Hauumi, dada. Nitauhangaikiaje?"

"Waza mabaya!"

Fundi akafumba macho, akawaza. Akanyanyuka upana wa kidole, na dada akamshukuru Mungu. Kumbe ni sketi: alikumbuka kwamba pindo limekwenda upande. Alipolifumua, akarudi benchini.

Daktari aliingia na ngazi begani, akapanda hadi alipo dada, akammulika kidevu kwa tochi.

"Niache mimi! Muone yule pale chini, ana uvimbe!" dada alisema, na kwa kusema hivyo kichwa kikagonga dari.

"Unaona? Hali yako inazidi," daktari alisema, akiongeza vidato viwili. "Yule ametulia. Angekuwa mgonjwa tungekuwa naye huku."

Dada akalia. Alimpenda mdogo wake kupita kiasi, na hofu ya kumpoteza ilimgandamiza darini asiweze hata kumnyooshea mkono.

Ngazi ikaanza kuyumba. Daktari akatazama chini. Wote walikuwa wamekwisha kupaa, ila mmoja.

"Wewe usiye na tatizo, hebu tushikie ngazi."

Fundi akaiweka sketi kando, akaishika ngazi kwa mikono miwili, asije daktari akaanguka akaumia.