Mtu wa Tatu

Siku ambayo namba ya gari lako imekatazwa barabarani, polisi wa Bogotá hawakuruhusu kupita mpaka muwe watatu ndani. Na leo ilikuwa zamu ya namba ya Heliodoro. Wilmar kinyozi alikuwa amejitoa kwenye programu ya simu ya kupanga safari za pamoja dakika ya mwisho, eti mafua. Wakabaki wawili, Heliodoro na abiria wake, nesi Edilma.

"Turudi tu, Don Helio," alisema Edilma.

"Nirudi? Thubutu!"

Mzee mbishi huyo, lakini alikuwa na sababu. Gari lilikuwa kwa jina la binti yake, Yolima, naye alishampata mnunuzi. Kila siku alimfokea: "Baba, umestaafu udereva, halafu unabeba watu usiowajua! Ya nini?" Akisikia safari imeshindikana, au baba kapigwa faini, gari lingeuzwa leo leo. Na bila gari, Heliodoro angebaki kutazamana na luninga hadi azikwe. Aliogopa kwelikweli.

Lahaula! Kwenye foleni ya basi iliyozunguka kona, nani kasimama? Yolima mwenyewe, kanuna. Heliodoro akameza kiburi, akasimama.

"Ingia, mwanangu. Tumepungukiwa mtu mmoja."

Yolima akaitazama foleni, akasonya, akaingia. Hajafunga hata mkanda, Edilma akageuka.

"Ee! Kumbe ndiwe Yolima? Uliyefaulu uhandisi kwa alama tisini na tatu? Ambaye mikate yako ya mahindi, arepa za jibini, inawatoa majirani vitandani?"

"Nani kakwambia?"

"Nani tena? Huyu baba yako! Kila asubuhi, tangu tunapanda mpaka hospitalini, ni Yolima, Yolima. Tumekuchoka, dada, na hata hatujawahi kukuona!"

Yolima akamgeukia baba yake. Heliodoro akaikodolea macho barabara, masikio yakimwaka kwa aibu. Nyumbani hakuwahi kumsifu hata siku moja, alijua kulalamikia chumvi tu. Aliamini sifa humharibu mtoto, na mtoto sasa ana miaka thelathini na minne.

Polisi akachungulia dirishani. Mmoja, wawili, watatu. Akawapungia wapite, na Edilma akapiga vigelegele mpaka gari la jirani likajibu kwa honi.

Simu ya Yolima ikalia. Alikuwa mnunuzi.

"Haloo? Gari?" Akajifuta machozi, huku anacheka. "Samahani, kaka. Limejaa."