Matanga ya Pijo

Kodi siikatai. Ninachokataa ni kodi inayopanda kadiri gari linavyozeeka, maana hata ng'ombe akizeeka bei yake hushuka. Lakini mwaka huu ndivyo ilivyotangazwa, na Pijo ya jirani yangu Oguttu ni ya mwaka 1967. Hapa Lunyo hakuna asiyewahi kuipanda. Kodi yake ilizidi thamani ya shamba lake lote la mihogo, na asipolipa kufikia Ijumaa, ingekokotwa hadi Tororo ikauzwe kama vyuma chakavu.

Oguttu alikonda. Kisha akasikia kwamba gari lililokufa halilipi, mradi mwenyekiti wa kijiji athibitishe kifo. Akamwendea mwenyekiti Ekaju.

"Chairman, gari yangu imekufa."

"Si jana ulinipita nayo Masaba?"

"Imekufa leo asubuhi."

Ekaju ni mtu mwema ila mvivu. Fomu ya kifo alikuwa nayo moja tu, ile ya watu, akaijaza hiyo: marehemu Pijo, ameacha Oguttu na familia. Akagonga muhuri. Karani wake Barbara, ambaye kila fomu ya namna hiyo huipeleka redioni, akaipeleka na hii. Jioni tukasikia tangazo katikati ya vifo vingine: mazishi Alhamisi saa nane, ndugu wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, na wa Tororo wajulishwe.

Alhamisi maturubai yalikuwa yamesimama, kwaya imevaa joho, na vijana wamechimba kaburi la kumeza gari zima. Nereah, muuza samaki kutoka upande wa Kenya, aligaagaa chini.

"Mama alinizalia kwa hicho kiti cha nyuma!" alilia. "Mto ulikuwa umefurika, hakuna gari ingine ilikubali kutubeba!"

Paddy, mtu wa kodi, alikuja na pikipiki kuhakikisha maiti. Akapewa kiti cha mbele chini ya turubai na sahani ya wali.

Nilimwonea Oguttu huruma, ingawa alijitakia mwenyewe. Akisema gari ni zima, linachukuliwa kesho. Akinyamaza, linafukiwa leo. Kwa kuwa hakuna mabega ya kubeba Pijo, waombolezaji wakamwomba aiendeshe mpaka kaburini. Akaingia, akawasha. Ikawaka mara moja bila kusukumwa, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na kwaya ikazidisha sauti. Magurudumu ya mbele yalipofika ukingoni, Oguttu akavuta breki, akalia kwa kwikwi.

"Siwezi! Haijakufa! Niliogopa tu kodi!"

Wimbo ukakatika. Watu walikasirika, na mimi nikiwamo, maana machozi yangu yalikuwa ya kweli. Hapo Damalie, mkewe Oguttu, akatukumbusha kwamba kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Ukakatwa mgomba, tukauzika badala ya Pijo kwa heshima zote, na Paddy naye akatupia udongo. Kisha akapangusa mikono na kuomba funguo.

"Pole, Mzee. Kama iko hai, inalipa."

Nereah akasimama na beseni la pesa za rambirambi lililojaa mpaka juu. Kwetu rambirambi hairudishwi kwa aliyeitoa, kufanya hivyo ni kumwitia kifo nyumbani kwake. Oguttu naye hangeweza kuigusa, kwa kuwa hakufiwa.

"Hii ni ya Pijo," Nereah akasema. "Basi ijilipie yenyewe."

Paddy alizihesabu. Sheria yake haikusema lolote juu ya gari kujilipia. Pesa zilitosha. Penye jina la mlipaji akaandika Pijo, akampa Oguttu risiti.

Oguttu aliishika kwa mikono miwili, akautazama umati uliokuwa ukisubiri chai.

"Mama Jovia," akamwuliza mkewe polepole, "mimi nikikufa, hawa wote watakuja?"

Damalie aliwatazama, kisha akaitazama Pijo, ambayo injini yake ilikuwa bado inanguruma.

"Watakuja," akasema, "kama hii itakuwepo ya kuwaleta."