Kikombe cha Mpiga Saksafoni

Kila Jumapili saa tisa alasiri Kinyozi alifagia nywele, akageuza kibao cha mlangoni kikasomeka "Tumefunga", akapanga viti. Vitatu vilikuwa vya walio hai: yeye mwenyewe, Mkutubi, na fundi cherehani wa duka la pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Vilivyobaki vilikuwa vya wanamuziki.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Mwenye zamu alileta santuri ya jazi aipendayo kuliko zote, akasoma majina ya wapigaji nyuma ya jalada, kisha akashusha sindano. Aliyesomwa jina, kama ameshakufa, aliingia kwa mlango wa nyuma, akaketi, akasikiliza kazi yake mpaka mwisho. Wapiga besi walikuwa watu wapole. Wapiga tarumbeta walijisifu, na kufa hakukuwapunguza. Mpiga dramu mmoja aliomba anyolewe ndevu, na wiki iliyofuata akaja nazo zote kama vile hazijaguswa. Kinyozi alisema huko ni kutwanga maji kwenye kinu, lakini akamnyoa tena.

Miezi minne Mama Vifungo alisikiliza santuri za wenzake tu. Zamu yake ilipofika alileta moja, ameitia ndani ya foronya, pamoja na chupa ya chai yenye sukari nyingi. Kaka yake aliipenda hivyo.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyepiga saksafoni humo. Alimweleza hivyo miaka na miaka, naye hakumwamini, kwa sababu jaladani paliandikwa jina la mtu mwingine. Asubuhi ya mwisho walipoonana Mama Vifungo alimwambia, "Kama ni wewe, mbona jina lako halipo? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa." Ulimi hauna mfupa. Kaka alichukua kofia yake akaenda zake, na jioni hiyo moyo wake ukasimama akiwa kwenye foleni ya tiketi za treni.

Wiki mbili baada ya mazishi, Mama Vifungo aliiweka ile santuri huku akishona kola ya shati la mteja. Mwanzoni mwa wimbo wa tatu, kabla saksafoni haijaingia, mtu alikohoa mara mbili: kwanza kirefu, kisha kifupi. Alikijua kikohozi kile. Utotoni walilala chumba kimoja, na kilimwamsha kila siku ya Mungu. Alilia mpaka kola ikalowa, ikabidi ashone nyingine. Tangu hapo alitaka jambo moja tu, kumwomba kaka yake radhi uso kwa uso.

Basi Jumapili hiyo ya zamu yake alisoma majina manne ya jaladani. Kiongozi wa bendi alikuwa bado hai, kwa hiyo hakuja. Mpiga besi akaja, mpiga dramu akaja. Wa mwisho kuingia alikuwa mwanamume mnene mwenye vidole laini, akaketi kwenye kiti cha saksafoni na kutazama viatu vyake.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mama Vifungo.

"Si umenisoma mwenyewe? Mimi ni shemeji yake kiongozi. Siku ile nilibeba masanduku ya vyombo." Alipangusa jasho. "Sikuomba niandikwe, dada. Niliona tu limeshachapwa. Watoto wangu wakaringia jina hilo shuleni, nikaona haya kuwakatalia."

"Na kaka yangu?"

"Yuko hapo uani, karibu na ndoo. Haingii. Hajasomwa."

Kinyozi alifungua mlango wa nyuma. Palikuwa na ndoo, na taulo tatu kwenye kamba.

"Asiyesomwa haonekani," alisema Shemeji. "Sisi wafu tu ndio tunaomwona."

Mama Vifungo alitoa kalamu, akaandika jina la kaka yake chini ya yale manne, akalisoma kwa sauti. Mlango haukutikisika.

"Wanafuata kilichochapwa," alisema Shemeji kwa upole.

Mama Vifungo alimimina chai. "Mpelekee. Na umwambie..." Alikatiza, maana watu walikuwa wengi, hai na wafu. Kisha akasema liwalo na liwe. "Mwambie nilikosa. Mwambie nimekisikia kikohozi."

Shemeji alitoka na kikombe bila kumwaga hata tone, kubeba alijua. Alirudi nacho kitupu.

"Anasemaje?"

"Anasema sukari haikutosha."

"Na lile lingine?"

"Alikohoa."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Cha kwanza kirefu."

Mama Vifungo alikaa chini, akaomba wimbo wa tatu urudiwe.

Mkutubi, mtu wa kufuata taratibu, aliwaandikia watengenezaji wa santuri. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: jalada halibadilishwi bila saini ya kiongozi wa bendi. Kiongozi alipopigiwa simu alisema yaliyopita si ndwele. Mwaka huo huo santuri ilitolewa upya, jalada jipya, majina yaleyale manne kwa herufi za dhahabu.

"Basi tuliruke jina hilo la uongo," alisema Kinyozi. "Kwa nini tumheshimu?"

Waliliruka Jumapili moja. Saksafoni ililia vizuri, kikohozi kikasikika mahali pake, kiti kikabaki kitupu. Chai ilipoa mezani mpaka ikafanya utando, na hakukuwa na wa kuitoa nje.

Jumapili iliyofuata Mama Vifungo alitia vijiko sita vya sukari, akakoroga. Alishika jalada jipya, akaanza na jina la Shemeji kabla ya mengine yote, akilitamka taratibu na kwa sauti kubwa, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Shemeji aliingia, akaamkia, akachukua kikombe, akatoka nacho kwa mlango wa nyuma.